Barafu Isiyo na Mwenyewe

Barafu ilikufa wakati wageni wakitambulishwa.

Mtaalamu wa hali ya hewa alikuwa ameitoa Arua asubuhi ile, pande zima lililogandishwa kwenye friza ya hoteli aliyolala, akalisafirisha mpaka Koboko ndani ya kasha la plastiki. Alitaka tuone kwa macho yetu jinsi barafu ya bahari ya kaskazini, huko juu kabisa ya dunia, inavyokwisha kila majira yao ya joto. Wazo halikuwa baya. Kosa lake lilikuwa kutowajua watu aliowajia. Kwetu mkutano hauanzi mpaka kila mwenye suruali iliyopigwa pasi atajwe kwa cheo chake, asimame, apunge mkono na aseme machache. Mwenyekiti wa kijiji alimtambua mwenyekiti wa wazee, wa wazee akamtambua wa vijana, wa vijana akamtambua wa kina mama. Katekista alisali. Shehe naye alisali, kwa sababu katekista alikuwa amesali. Kisha mwenyekiti wa kijiji akasimama tena kumwomba radhi mtu aliyemsahau, na yule aliyesahauliwa akapewa nafasi ya kusema machache.

Mtaalamu alipofungua kasha lake hatimaye, mlikuwa na maji, na ndani ya maji kipande kimoja cha barafu kilichokonda kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Alikiinua kwa vidole viwili. Tukakitazama. Kikamponyoka, kikaangukia vumbi, na kuku wa jirani akaja akakidonoa.

Niliwadharau wote kwa kipimo kimoja: wenyeviti kwa vyeo vyao vya karatasi, mtaalamu kwa kubeba barafu kwenda Koboko mwezi wa jua kali, hata kuku. Lakini sikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu katika mkutano ule mimi ndiye niliyekuwa na haja kubwa kuliko mtu mwingine yeyote.

Nilikuwa mkalimani. Ninafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari mjini Arua, na ninakaa Ediofe, pembeni mwa mji huo huo, lakini kwetu ni Koboko. Kiswahili nilikipata nyumbani, maana baba yangu alikuwa askari, naye alituamrisha kwa lugha ile ile aliyoamrishwa nayo kambini. Mtaalamu alitoka Kampala. Alikuwa ameambiwa kwamba Koboko imechanganyika mno: Wakakwa, Walugbara, wafanyabiashara wa Kongo, madereva wanaoshinda mpakani Oraba wakingoja kuvuka kwenda Kaya, na kwamba ukitaka wote wakusikie kwa mara moja, sema Kiswahili cha sokoni. Akauliza mjini Arua ni nani anayejua jiografia na Kiswahili pamoja. Akaelekezwa kwangu. Nilikubali kabla hajamaliza kunieleza, naye akadhani ni kwa ajili ya mapenzi ya mazingira. Nilikubali kwa ajili ya baba mkubwa.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu, alikuwa mwenye mvua. Katika ukoo wetu kazi hiyo hurithiwa. Mtu mmoja hukabidhiwa chungu chenye mawe madogo laini na maji kidogo, na kuanzia siku hiyo mvua ya eneo lote ni yake. Akiyaosha mawe na kuyapaka mafuta ya simsim, inanyesha. Akiyaacha yakauke, inakauka. Watu humletea mbuzi kabla ya kupanda na pombe baada ya kuvuna. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kwamba mvua ikikosa, watu wanajua nyumba ya kwenda.

Nilimdharau tangu nikiwa mdogo, kwa sababu nilimwona. Dalili ya mvua ni mawingu, na ujuzi wote wa baba mkubwa uliishia kwenye methali hiyo. Alikaa barazani uso ukielekea vilima vya upande wa Kongo, na kama mbingu ni tupu, hata umletee mbuzi mwenye mimba, alikuambia urudi kesho. Kesho alikuambia kesho kutwa. Siku aliposikia ngurumo ya kwanza ndipo alipoinuka, akakohoa, akaelekea kwenye chungu kwa mwendo wa mtu anayekwenda kubeba gunia. Mara nyingine mvua ilimwahi njiani, na hapo alikasirika kwelikweli, akawafokea watoto. Jumapili alikuwa kanisani, benchi la mbele, rozari shingoni, akiimba kuliko kwaya. Padri alihubiri dhidi ya ushirikina mwaka mzima isipokuwa miezi ya kupanda.

Majivuno yake hayakuwa na kifani. Mvua ikinyesha vizuri, alipita katikati ya barabara ya sokoni ili boda boda zimkwepe yeye. Mtu akimshukuru, alijibu, "Ni kidogo tu," kana kwamba ameazimwa chumvi.

Na ni mbuzi hao walionisomesha. Baba alikufa mapema, malipo yake ya uzeeni yakabaki hadithi. Kila muhula baba mkubwa aliingia zizini, akachagua mbuzi wa mvua, akampeleka mnadani, akanirudisha shule. Alifanya hivyo mpaka chuo kikuu, ambako nilifundishwa jinsi bahari inavyotoa mvuke, jinsi upepo unavyoubeba, na kwa nini mvua haitoki chunguni. Nilirudi nikamwambia yote hayo, kwa kiburi cha mtu mwenye cheti kipya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama huko chuoni walikuwa wanatulisha vizuri.

Mwaka ninaousimulia, mvua ya Aprili ilikuja, ikaotesha karanga, ikaondoka zake. Juni kwetu hukauka kidogo na hakuna anayeshtuka. Lakini Julai ilipita nyeupe yote, Agosti ikaingia hivyo hivyo, na karanga zikajikunja shambani, mtama ukagoma kupita goti. Vijana wa ukoo walikwenda kwa baba mkubwa mara ya kwanza na mbuzi. Mara ya pili walikwenda mikono mitupu. Mara ya tatu waliongozwa na mtoto wa dada yake, mwendesha boda boda mwenye shingo nene na sauti ya kuzoea kushindana na injini, naye akampa mjomba wake muda mpaka siku ya soko, Jumamosi. Mvua isiponyesha, wangeng'oa mabati ya nyumba yake na kumtoa katika ardhi ya ukoo. Zamani, wakamkumbusha, mwenye mvua aliyefunga mvua alifungwa kamba na kuanikwa juani mpaka inyeshe au afe. Siku hizi kuna polisi, kwa hiyo ni mabati tu.

Nilipoletewa habari hizo kwa simu nilitema mate. Watu wenye simu mfukoni, wenye kujua matokeo ya mpira wa Ulaya kabla refa hajapuliza filimbi, walikuwa wanatafuta mzee wa kumng'olea paa kwa sababu ya jua. Lakini pamoja na dharau yangu niliogopa. Mtu wa umri wake, ukimtoa penye kaburi la mkewe na mwembe wake na benchi lake la kanisani, umemmaliza. Hakuwa na mtoto wa kumzaa aliyebaki hai. Alikuwa na mimi, binti wa mdogo wake.

Kwa hiyo mtaalamu aliponijia na habari za barafu, niliona nimeletewa shahidi. Mkutano ulikuwa Alhamisi. Mtu wa Kampala, mwenye kipaza sauti na gari kubwa, angesema mbele ya Koboko nzima kwamba dunia inavurugika kwa mambo yaliyo mbali nasi, huko ambako hakuna hata mti. Baba mkubwa angetikisa kichwa. Vijana wangepata mtu mwingine wa kumkasirikia. Paa lingebaki. Sikuwa na haja nyingine na mkutano ule.

Baada ya kuku kumaliza barafu, mtaalamu akawasha mashine ya picha. Ilikuwa mchana, chini ya turubai, na mwanga uliingia kutoka kila upande. Alituonyesha dubu mweupe, amesimama juu ya barafu nyeupe, kwenye shuka jeupe. Watu waliona shuka. Nyuma yetu gari lake lilikuwa linanguruma, maana dereva alikuwa ameambiwa asizime injini ili ndani kusipate joto.

Hata hivyo nitamtendea haki: aliyoyasema yalikuwa kweli, na nilipokuwa nikiyatafsiri nilijisahau. Nilisema kwamba juu kabisa ya dunia hakuna nchi kavu, ni bahari, na bahari hiyo hujifunika barafu. Wakati wa baridi barafu hutanuka. Wakati wa joto lao, miezi ile ile ambayo sisi tunangoja mvua, hupungua, na Septemba hufikia udogo wake wa mwaka. Tangu vyombo vya angani vianze kuipiga picha, udogo huo wa Septemba umezidi kuwa mdogo. Ile barafu nene iliyokuwa inakaa miaka na miaka imekwisha karibu yote. Iliyobaki ni changa, nyembamba, ya kupasuka upesi. Na ubaya wake ni kwamba inajimaliza. Barafu nyeupe hulirudisha jua lilikotoka. Ikiondoka, bahari iliyo nyeusi hulimeza, inapata moto, inayeyusha nyingine. Mtaalamu hakuwa na mfano, nikawapa wa kwangu: nyumba ya mabati mapya na nyumba ya mabati yenye kutu, ni ipi inakutoa jasho? Wakaguna wakakubali. Nilieleza kwamba sababu ni moshi wa makaa, wa mafuta, wa viwanda, wa magari na ndege, wa miaka mingi. Sauti yangu ilibadilika hapo. Somo hili nilikuwa nimelifundisha ubaoni mara nyingi, na sijui kwa nini siku ile liliniuma. Nadhani ni kwa sababu nililisema kwa lugha ya baba yangu.

Mwanamke mmoja akasimama, muuza samaki, anayenunua barafu kila alfajiri ili samaki wake wafike sokoni wazima.

"Mwalimu, uliza huyu bwana. Hiyo barafu iko ya nani?"

Nikauliza. Mtaalamu akatabasamu, akajibu kwamba si ya mtu, ni ya dunia nzima.

"Kitu ya watu yote," akasema mwanamke, "haiko na mutu ya kuangalia. Sasa nani nachoma hiyo moshi?"

Mtaalamu alipenda sana swali hilo. Alinyoosha mikono yote miwili, akatukumbatia kwa mbali, akasema, "Sisi sote." Nikatafsiri. Mzee mmoja nyuma akasema yeye ana baiskeli. Mtaalamu akamwuliza kama hajawahi kuchoma mkaa. Mzee akakiri kwamba amewahi. "Basi," akasema mtaalamu, na gari lake likanguruma.

Nimekutana na dharau za aina nyingi maishani, na nyingine nimezitoa mimi, lakini ile ya kumgawia mwenye baiskeli fungu sawa la hatia na mwenye ndege sijaona mfano wake. Aliigawa kama posho, kila mtu na bahasha yake. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa namhitaji.

Ndipo mpwa wa baba mkubwa, yule wa boda boda, aliposimama. Nilishika kipaza sauti kwa nguvu.

"Mimi nauliza moja tu," akasema. "Hiyo barafu nakwisha, ndiyo nafunga mvua ya Koboko?"

Mtaalamu akavuta pumzi. Akaanza kusema kwamba dunia ikipata joto misimu huvurugika, hilo ni hakika. Lakini barafu ile na mvua ya hapa, uhusiano wake bado unachunguzwa, kuna wanaosema hivi na wanaosema vile, inawezekana, labda. Nilitafsiri kama alivyosema. Nikaona nyuso zikianza kuondoka mkutanoni huku miili imekaa. Kwetu mtu anayesema labda kuhusu mvua ni mtu ambaye hajawahi kupewa mbuzi.

Lakini mpwa, nikiri, hakuwa mjinga kama nilivyomdhania. Alikuna shingo. "Haya. Na mutu moja hapa, na chungu yake, anaweza kufunga mvua?"

"Hapana," akasema mtaalamu. Lilikuwa jibu lake la kwanza la neno moja.

Mpwa akageuka. Baba mkubwa alikuwa mstari wa mbele, maana hajawahi kukaa mstari mwingine, amevaa koti lake zito na kofia juu ya goti.

"Mjomba, umesikia. Huyu mutu ya Kampala anasema haiko wewe. Sisi hapana nataka ubaya na wewe. Simama hapa mbele ya watu, sema tu, mvua haiko yangu. Maneno nakwisha. Nyumba yako nabaki na mabati."

Sikuweza kuomba zaidi ya hapo. Nilimpelekea kipaza sauti mwenyewe. Nilimnong'oneza kwa Kikakwa, "Baba, sema." Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayeharakisha chakula jikoni. Akasimama. Akavaa kofia.

"Huyu kijana nakuja na barafu," akasema, "barafu yenyewe kuku nakula."

Watu wakaangua kicheko. Alisubiri kicheko kiishe; alijua kusubiri.

"Mvua ya hapa iko yangu. Baba yangu alinipa, na babu alimupa yeye. Ile miaka karanga ilijaa, ninyi mulileta mbuzi kwa nani? Mulipeleka kwa barafu? Sasa jua imekuja, munataka kusema haiko mimi. Iko mimi. Hii jua yote iko yangu."

Akakaa. Ile injini ikaendelea kunguruma. Mtaalamu akaniinamia, akauliza mzee amesema nini.

"Amekubali kosa," nikamwambia.

Mtaalamu alifurahi sana. Alidhani mzee amekiri kukata miti. Alipiga makofi, akawataka na wengine wapige, akamwinua baba mkubwa na kupiga naye picha, mkono begani, kama mfano wa jamii inayobadilika. Baba mkubwa alisimama wima kwa ajili ya picha hiyo. Alipenda picha. Kisha soda zikagawiwa, za moto, na gari likaondoka na ubaridi wake ndani.

Jumamosi asubuhi waling'oa mabati. Nilikuwepo. Hawakumtukana wala kumgusa. Waliyashusha moja moja, wakayaegemeza ukutani kwa mpangilio mzuri, maana wengi wao ni watu wa kanisa. Mpwa alitoa nguo na kitanda na picha ya Bikira Maria. Alipofika kwenye chungu cha mvua alisita. Akatazama wenzake, wenzake wakatazama miguu yao. Kila mtu Koboko anataka mvua, lakini hakuna hata mmoja aliyetaka chungu kile, kwa sababu wote walikuwa wamesimama pale wakiona kinavyomfanya mtu. Mpwa akakishika kwa kitambaa, akampa mwenyewe.

Alikipakata mpaka Arua, ndani ya gari nililokodi, mawe yakigongana kila tulipopita tuta. Nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu. Nilikuwa nimemletea mlango wazi, nao waliokuwa wanamfukuza wameushikilia usijifunge, na yeye kwa ujinga wa kuogopa kuonekana mtu wa kawaida amekataa kupita. Tulipofika Ombaci, karibu kuingia mjini, nikashindwa kuvumilia.

"Baba mkubwa, ulijua. Miaka yote ulijua mvua si yako. Nilikuwa nakuona unangoja ngurumo."

"Ndiyo," akasema.

Gari likaendelea. Alikuwa akitazama nje, maduka, pikipiki, wanawake na ndoo zao.

"Mimi nalikula mbuzi ya watu, mama," akasema. Ananiita mama akitaka nisikie. "Ya wajane nalikula. Wewe ulisoma na hiyo mbuzi. Kama mvua hapana yangu, basi mimi iko nani? Mimi iko mwizi tu. Mbuzi ya mvua, mutu akikula, anakula na jua yake."

Mla mbuzi hulipa ng'ombe, baba yangu alikuwa akisema, na nilikuwa nikiirudia methali hiyo nikiamini nimeielewa. Nilitazama mbele.

Mvua ilinyesha siku chache baadaye, mchana, ikaanzia Kongo kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari, yeye alikuwa kwenye varanda yangu hapo Ediofe, na chungu chini ya kiti. Ilipiga mabati yangu mpaka hatukusikilizana. Aligeuza kichwa, akanitazama kupitia dirishani kwa majivuno yale yale ya zamani, majivuno ya kuudhi. Midomo yake ikasema, "Umeona?"

Koboko nao waliona. Jioni mpwa alipiga simu, sauti juu, furaha tupu, watu wakishangilia nyuma yake. Walikuwa wamemtoa mwenye kufunga, na mvua imefunguka; ushahidi gani mwingine mtu anahitaji? Nikamwambia mvua ile imenyesha Arua vile vile, ambako mzee yupo. Akasema ndiyo, inamfuata. Nilizima simu. Niliwahi kufikiri kwamba elimu ikikutana na ujinga uso kwa uso, ujinga utaona aibu. Haujui hata kwamba mmekutana.

Baba mkubwa hakurudi tena Koboko. Hata angeitwa, hapakuwa na pa kurudi. Ile ilikuwa nyumba ya matofali mabichi, na matofali mabichi yakikosa paa hayana ubishi na mvua. Wiki za Agosti na Septemba ilinyesha vizuri, mtama ukainuka, na nyumba ya baba mkubwa ikayeyuka. Nilikwenda kuiona. Ilikuwa tuta la udongo mwekundu, na kando yake mabati yamepangwa safi.

Sasa anaishi nami. Bado ananichosha. Anaimba kanisani kuliko kwaya ya Ediofe, anapita katikati ya barabara, na jirani akishukuru Mungu kwa mvua yeye hukohoa. Kila Septemba, habari za redio zikisema kwamba barafu ya bahari ya kaskazini imefikia udogo wake wa mwaka, na kwamba wakubwa wa mataifa watakutana mahali kuijadili, huniita nimtafsirie, maana hasahau jambo lililomgusa. Mwaka huu nilimsomea kwenye simu, nikiwa nimesimama mlangoni na vitunguu mkononi.

"Inakwisha kweli?" akauliza.

"Inakwisha."

"Na hiyo watu ya moshi, moja amesimama akasema, iko mimi?"

"Hapana."

"Mbuzi walikula?"

"Walikula, baba. Bado wanakula."

Alisonya, msonyo mrefu, wenye dharau ambayo nilitambua mara moja kwamba mimi niliirithi kwake. Kisha akatazama juu, kwenye mabati yangu.

"Na nyumba yao," akasema, "iko na paa?"

Nikamwambia inalo. Akauliza kama chai iko tayari.